Pini Isiyokubali Kukaa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku imeanza vibaya. Saa moja na nusu asubuhi, katika lango kuu la kiwanda cha kuchambua pamba, niliinua bunduki kumsalimu meneja. Pini ndogo inayoshikilia kifyatulio ikachomoka, ikaangukia vumbini. Ni ndogo kuliko nusu ya njiti ya kiberiti. Niliitafuta kwa magoti dakika arobaini. Mboje, mlinzi mwenzangu, ambaye nilimfundisha darasa la tatu bila mafanikio, aliuliza kama nimehamia dhehebu jipya.

Nimeipata. Imelika upande mmoja. Sielewi. Hakuna bunduki Simiyu nzima inayotunzwa kama hii. Kila asubuhi nazitoa pini zote tatu, nazifuta, nazipanga juu ya leso, nazirudisha. Jioni hivyo hivyo. Miaka saba, sikukosa hata siku moja. Bila shaka aliyeitengeneza alitumia chuma dhaifu.

Mchana meneja, Bi. Georgina, alitutangazia kwamba mkaguzi wa silaha, Bwana Laurean, atafika kutoka Mwanza siku ya Ijumaa, kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Bunduki mbovu itachukuliwa. Mlinzi wake atapewa rungu na kuhamia lango la nyuma, la mashudu. Alipotaja lango la nyuma alitazama kalenda, si mimi.

Nieleze hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilipostaafu ualimu, watu waliacha kusimama nilipoingia mahali. Langoni ni tofauti. Wakulima wa Sapiwi na Zagayu wanapoleta pamba huvua kofia, hunisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, Mwalimu, na husubiri niitikie. Ni kwa sababu ya bunduki na kiti. Risasi zenyewe hukaa katika kabati la meneja, sijawahi kuzigusa. Lakini bila bunduki hakuna kiti, na bila kiti mimi ni mzee aliyesimama karibu na mbuzi wanaonyemelea mashudu.

Nina siku nne. Zinamtosha mtu mwenye akili.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza: nta. Niliyeyusha kipande cha mshumaa, nikaichovya pini, nikaichomeka. Ilishika kama ukucha. Nilifurahi.

Saa sita jua likakaa juu ya lango. Sikuwa nimelifikiria jua. Nilikuwa nimeinamia bakuli la michembe, viazi vitamu vikavu alivyonipikia mke wangu, tunalokula pamoja, bunduki begani, nta ikayeyuka. Mboje alitafuna mara mbili, akasita, akaitoa pini mdomoni, akaiweka mbele yangu kwa adabu zote. Alisema anamheshimu sana mama, lakini hii ni mara ya kwanza kukuta michembe yenye mifupa.

Pini ina alama ya jino. Nimeificha chini ya mafuta.

Mke wangu, Milembe, aliniuliza mbona sili. Nilimjibu kwamba nina mawazo ya kiufundi.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa pili: rangi ya kucha. Veronica wa mzani alinipa chupa yake, akaniuliza ni ya vidole vipi. Nilimwambia ni siri ya ulinzi. Rangi ilikuwa nyekundu; nyingine hakuwa nayo.

Hii ilishika kweli! Saa nne nilitikisa bunduki: kimya. Saa tano: kimya. Saa sita niliitoa pini kuhakikisha kwamba haitoki. Nikapaka upya. Saa nane niliitoa tena, kwa sababu tabaka la pili ni lazima likaguliwe zaidi kuliko la kwanza. Kufikia saa kumi rangi ilikuwa imefika kwenye kitako, kwenye suruali na kwenye daftari la wageni. Bibi mmoja wa Sapiwi aliyekuja kuulizia siku ya kufungua msimu aliitazama bunduki kwa muda mrefu, kisha akauliza inaolewa lini.

Mboje alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya lango. Nimebaini kwamba anakitamani kiti. Hukifuta vumbi nikienda msalani. Mtu hafuti vumbi kiti cha mwenzake bila nia.

Rangi imetoka yote. Pini inacheza kuliko jana.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikwenda Dutwa kwa basi la asubuhi, pini ikiwa ndani ya leso. Mayunga, fundi baiskeli, aliigeuzageuza kwenye mwanga, akaniuliza huwa naitoa mara ngapi. Nilimweleza kwa fahari.

“Mwalimu,” alisema, “pini hii hailiwi na bunduki. Inaliwa na wewe.”

Alishauri niipake tone la mafuta na niiache. Niiache! Mtu wa spoki anataka kunifundisha silaha. Nilimshukuru kwa baridi nikaondoka.

Kwa bahati njema, njiani kurudi nilipita kwenye zizi la shemeji yangu Marcelo. Limezungushiwa minyaa. Ndipo nilipouona ukweli. Utotoni tulinasa ndege kwa utomvu wa mnyaa, na ndege hawakuchomoka. Nilikinga utomvu kwenye kizibo cha soda, nikarudi nao langoni, nikauchanganya na nyuzi za pamba, nikazungushia pini, nikaigonga kwa jiwe, nikaianika bunduki juani alasiri nzima. Kidole gumba kinawaka moto. Si kitu.

Jioni, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, sikuitoa pini. Nilijaribu. Ilikataa. Nimeshinda.

Ijumaa, 9 Mei

Bwana Laurean ni mtu mpole, mwenye miwani. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaitikisa karibu na sikio. Hakuna kilicholia. Akaigeuza, akaitikisa tena. Alisema mbele ya Bi. Georgina, mbele ya Mboje, mbele ya Veronica, kwamba hajawahi kukutana na pini zilizokaa namna ile. Nilisimama wima. Laiti siku ingeishia pale.

“Sasa ifungue, Mwalimu,” alisema.

Nilisukuma kwa kidole. Nilisukuma kwa msumari. Niliomba jiwe. Mboje aliniletea jiwe, kisha jiwe kubwa zaidi, kisha akauliza kama alete nyundo ya marobota. Pini haikusogea hata unywele. Bwana Laurean aliinusa, akaniuliza ni kitu gani. Nilimjibu kwamba ni dawa ya kienyeji ya chuma.

Alivua miwani akaifuta. Alisema silaha isiyofunguka haikaguliki, na isiyokaguliwa haikai langoni. Itakwenda karakana Mwanza. Niliandikiwa rungu. Niliweka sahihi kwa mwandiko mzuri, kwa sababu huo haunyang'anywi.

Nyumbani Milembe alikuwa amekwisha kusikia. Aliniita Baba Shija mara tatu katika sentensi moja, kama anavyofanya nikiwa mgonjwa.

Jumatatu, 12 Mei

Msimu umefunguliwa. Nilizisikia trekta zikiingia lango kuu, na vicheko, na mwangaluka nyingi. Huku nyuma nilikuwa na rungu, magunia ya mashudu na mbuzi wanne. Hakuna aliyesimama. Mbuzi walikuwa wamesimama tangu awali.

Saa tano Mboje alikuja amebeba kiti kichwani. Alikiweka kivulini, akakifuta kwa kiganja.

“Kaa, Mwalimu. Kule wote wanakuulizia wewe tu. Mimi nimechoka kujibu.”

Ni ujanja wa wazi. Anataka ionekane kwamba kiti ni chake, ndiyo maana anaweza kukigawa. Nilikaa ili asijisikie vibaya. Alibaki amesimama mpaka nilipomruhusu aende. Baada ya yeye kuondoka macho yangu yalisumbuka kidogo. Vumbi la mashudu ni kali.

Jumatano, 14 Mei

Bunduki imerudi! Ina pini mpya, nyeupe, iliyonyooka. Nimesikia kwa Veronica kwamba Mboje alikwenda kwa meneja, akasema wakulima hawataki mlinzi mwingine. Bado natafuta faida anayoipata.

Bwana Laurean, aliyeileta mwenyewe, aliniweka mbele ya Bi. Georgina, akazungumza polepole.

“Tone moja la mafuta kila mwezi. Pini usiitoe mpaka nije mwenyewe mwezi wa kumi na moja. Nikiikuta imelegea, Mwalimu, bunduki inaondoka na hairudi.”

Niliahidi. Niliahidi kwa moyo wote. Nimeuandika ujumbe wake kwenye karatasi na kuubandika ndani ya kibanda cha mlinzi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi kwenye kiti. Mwangaluka arobaini na moja kabla ya saa nne. Pini imetulia kabisa. Haichezi, hailii, haisogei.

Lakini nitajuaje kwamba itaendelea kutulia?

Saa tano niliitoa. Mara moja tu. Mboje aligeuka akatazama barabara. Ilikuwa imekaa vizuri mno, sikuona kasoro yoyote, nimeirudisha. Jioni nitaitoa tena, kuhakikisha kwamba nimeirudisha sawasawa.