Hukumu ya Mjane Iliyopotelea Kwenye Povu

Kwa Bibi Mkutubi Mkuu,

Shikamoo kwa kuanzia, na pole na vumbi la rafu. Ukiniuliza mimi hali yangu, ni mzima wa mwili tu.

YAH: KUONDOLEWA KWA SANDUKU LA VITABU DUKANI KWANGU

Mimi ndiye kinyozi wa hapa mkabala na maktaba yako, mwenye viti viwili, kimoja kibovu. Utakumbuka mwaka jana ulikuja na toroli ukaniwekea sanduku la vitabu chini ya kioo, ili wateja wasome wakisubiri zamu. Nilikubali kwa sababu ulikuwa umeshalishusha, na mimi nina haya. Sasa maji yamenifika shingoni, na malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani wateja waligombania kiti, siku hizi wanakikimbia. Nikiita anayefuata, fundi bomba anamsukumia dereva wa lori, dereva anamsukumia muuza mkaa, kila mmoja anadai bado kurasa mbili tatu. Jumamosi nilisimama dakika ishirini, mashine inanguruma mkononi, mbele ya vichwa saba vyenye nywele, kama bwana harusi aliyeachwa.

2. Hata anayekaa hatulii. Fundi bomba aliangua kicheko mashine ikiwa nyuma ya sikio, na sasa ana njia nyeupe hadi utosini. Eti hana kinyongo, pale kitabuni palistahili kucheka. Bibi, mteja asiyelalamika ananitisha.

3. Kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watu hawa mambo ya mwezi, ndoa na figo, na hakuna aliyebisha kwa kuwa wembe ninao mimi. Juzi nikaeleza kwamba figo hukaa karibu na bega. Muuza mkaa akafungua kitabu cha mwili wa binadamu akanionyesha picha. Mbele za watu!

4. Hili ndilo kubwa. Sisi vinyozi hufuta povu la wembe kwa karatasi. Siku moja karatasi ziliniishia, nikanyoosha mkono sandukuni, nikachana kurasa nne za mwisho za kitabu kinene. Niliona mwisho hauna kazi, maana mtu akifika huko si ameshamaliza? Kumbe ni kisa cha mjane ambaye ndugu wa marehemu mumewe wamempeleka kortini wamnyang'anye nyumba, na hukumu yote imekwenda na povu. Tangu hapo duka limegeuka mahakama. Dereva anaapa mjane kashinda. Fundi bomba anasema kashindwa, na amenuna. Mama watoto, ambaye hakuwahi kukanyaga hapa tangu tuoane, anakuja kila alasiri, naye ana yake ya kusema. Wote wananitazama kwa jicho baya, wakidai mwisho naujua ila nauficha.

Kwa hiyo naomba sanduku liondoke. Likishindikana, maktaba yenyewe ihame, mitaa mitatu hivi inatosha. Na hilo likishindikana, serikali iwapige marufuku waandishi kuweka mambo ya maana mwishoni mwa kitabu.

Nisalimie bwana wako, pia mlinzi wenu wa koti refu, na yule binti wa mapokezi anayewanyamazisha watu kwa kidole.

Ni mimi jirani yako, niliyechoka,
Kinyozi wa Mkabala

N.B. Bibi, niseme kweli. Nilipozichana zile kurasa nilikuwa sijui kusoma. Gazeti mnaloniona nalo kila asubuhi lilikuwa pambo. Wenzangu walipoanza kubishana niliona aibu sana, kwamba hukumu ya yule mama ilipita mkononi mwangu, nikaifutia wembe, nisijue. Mama watoto hujia hilo: alasiri wateja wakipungua tunakaa kwenye kile kiti kibovu, ananishika kidole, tunasoma kisa cha mjane neno kwa neno. Barua hii ndiyo ya kwanza kuiandika kwa mkono wangu, na imenichukua siku tisa. Tumebakiza kurasa kumi na moja kufika nilipochana. Tafadhali tuletee nakala nzima kabla ya Ijumaa, na umpe mke wangu, si dereva, maana yule ataropoka. Sanduku liache hapo hapo lilipo.