Hatua Tano za Nassor

Wenzangu wa barazani, jioni hii msinitafute. Nimeadhirika, tena mbele ya mkwe. Nawaandikia kwa kuwa kulisema kwa mdomo siwezi.

Mwanangu Nassor mnamjua. Ana mwaka na miezi mitatu, na hatembei. Mengine yote nimeyaandika daftarini: amekaa lini, ametambaa lini, amesema "baba" lini. (Mama yake anasema ile ni "bababa" tu, hata paka humwita hivyo. Wivu.) Kusimama dede anasimama, akiwa kashika kitu. Akiachia, chini!

Leo asubuhi mama mkwe, Bi Mwanakheri, kaja na gari la shamba kutoka Chwaka. Mwezi uliopita alishatoa hukumu: akirudi akamkuta hatembei, anamchukua. Kwao wana dawa yao. Wanachimba shimo mchangani pwani, wanamsimamisha mtoto humo, mchanga mpaka kiunoni, kila alfajiri, mwezi mzima, magoti yakaze.

Mwezi mzima bila Nassor! Siku tatu sijatulia.

Nikabuni njia yangu. Namshikisha ncha ya kikoi changu, narudi kinyumenyume polepole, naye ananifuata. Jana alipiga hatua mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi mgonjwa wangu?"

"Haumwi, mama. Anatembea!"

"Mie maneno sitaki, baba. Nioneshe."

Mke wangu, Zuwena, kanikonyeza ningoje mtoto ale kwanza. Nani angoje? Nikamsimamisha papo hapo uani, nikampa ncha. (Kikoi nilikifunga haraka haraka. Nakiri.)

Nikarudi nyuma hatua moja. Hapo bibi yake akatoa kipande cha halua. "Njoo kwa bibi!"

Nassor akageuka. Mkono haukuachia.

Kikoi kikaenda naye.

Nimebaki na fulana na kofia! Sasa nihukumuni kwa haki: ningekivuta, mtoto angeanguka. Nikakiacha kiende. Nikanyakua ungo wa mchele, nikachutama nyuma yake, nahesabu kwa sauti: "Moja! Mbili! Tatu!" Katanua miguu, anayumba, kikoi kinaburura vumbi. "Nne! Tano!" Akafika kwa bibi yake, akakaa puu, akaiokota halua iliyokwishaanguka chini.

"Umeona, mama? Tano!"

Nikachungulia juu ya ungo. Bi Mwanakheri alikuwa ameuelekea ukuta, kajigubika kanga uso mzima, tangu kikoi kilipofunguka.

"Mama, katembea!"

"Sikuona mtu kutembea mie. Nlichokiona kimenitosha. Astaghfirullah! Mtoto si huyu hapa, kakaa?"

"Zuwena, mwambie!"

Zuwena ndiye shahidi pekee. Alikuwa kajiinamia mlangoni mwa jiko, kashika mbavu. Kila akifungua kinywa aseme, kinatoka kicheko.

Nikavaa, nikamsimamisha Nassor tena. Akakaa. Nikampa ncha ya kikoi. Akaitia mdomoni.

Alasiri wameondoka wote watatu. Mkwe hakuniaga, kamtuma Zuwena: "Mwambie mumeo, mtoto ntamfunza mie kutembea. Yeye ajifunze kufunga kikoi."

Anayetaka kucheka acheke leo amalize. Kesho nakuja barazani, nimevaa suruali na mkanda.