Bolti ya Tatu

Leo nimeaibika, tena mbele ya mteja niliyemtafuta mwaka mzima.

Mimi ni makanika hapa Majengo, Meru. Asubuhi Mama Zuhura, anayesafirisha viazi kutoka Kibirichia, aliniletea pikapu inayovuja maji. Ana pikapu tatu. Akaniambia waziwazi, "Fundi, hii ni ya kukujaribu. Ukiitengeneza vizuri, hizo zingine mbili pia nakuletea."

Shida ilikuwa pampu ya maji. Nilipoifungua, bolti mbili zikakatikia ndani ya injini. Kutu! Mama Zuhura akaichukua ile pampu mbovu, akaenda nayo mjini kutafuta mpya ya kufanana nayo.

Hizo mbili zilinitoa jasho. Unachomelea nati juu ya kipande kilichobaki, unapasha moto, unazungusha polepole kwa spana. Zikatoka. Nikapangusa uchafu. Salaale! Kumbe kuna ya tatu, imechomoza kidogo tu. (Hapo ndipo ningepaswa kuacha, niende kunywa chai.)

Nikampigia simu. "Mama, nunua bolti tatu."

"Si ulisema mbili?"

"Kuna fundi aliacha yake humu." (Simjui. Nilimlaani hata hivyo.)

Ya tatu ilikuwa na kiburi. Nati ikang'oka, nikachomelea nyingine. Nikagonga. Nikabembeleza. Mwishowe ikatoka, laini, haina thredi hata moja. Nikasema kutu imezila. Basi nikalipanua lile tundu kwa drili, nikalikatia thredi mpya, safi kabisa. Kisha nikapiga picha ya kile kipande, nikaituma kwenye grupu ya mafundi: "Kuna mafundi, halafu kuna sisi."

Mama Zuhura akarudi. "Mashallah! Zote umetoa?"

"Zote. Lete nifunge."

Akaigeuzageuza pampu mpya. "Fundi, hii bolti ya tatu inapita wapi?"

"Hapo kwa shimo."

"Shimo gani? Hii imezibwa huku nyuma. Hakuna mahali inapita."

Nikaangalia. Haikuwa bolti! Ilikuwa pini, iliwekwa na waliounda injini ili pampu isihame. Imekaa pale miaka yote bila kumkosea mtu. Simu ikalia. Mtu kwenye grupu ameandika, "Rudisha pini ya watu."

Nikamwambia mama ukweli, maana uongo wa kuniokoa haukuja.

"Kwa hivyo umetoa kitu kizima, halafu ukaharibu mahali ilikuwa?"

"Ndiyo, mama."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alivuta debe akakaa, akaanza kuwapigia simu watu wa Kibirichia kuwaambia viazi vingoje.

Sasa niko kwa fundi wa kukereza vyuma, ananitengenezea pini nene ya kujaza tundu langu. Kabla sijaondoka nilijikaza nikauliza, "Na zile pikapu zingine, mama?"

"Tutaongea."

Mnaojua maana ya "tutaongea", tafadhali msinieleze leo.