Kumsimamisha Meja

Jumapili, tarehe 2 Juni

Nimehamia kwa Shangazi! Miaka miwili nimelala kwenye kochi la kaka, huku shemeji akipiga deki chini ya kichwa changu alfajiri, makusudi. Yamekwisha. Shangazi kalazwa, anafanyiwa upasuaji wa nyonga. Alihitaji mtu wa kukaa na Meja. Meja ni mbwa. Ana miaka kumi na tano, jicho moja limeingia ukungu, mdomo unanuka. Shangazi kasema nikimtunza vizuri, chumba cha uani ni changu. Nikauliza, na akifa? Akaniangalia weee. Akasema hilo tutazungumza likifika. Mimi si mtoto. Hakuna mbwa, hakuna chumba.

Kabandika karatasi kwenye friji. Vidonge viwili kwa siku. Nyama isagwe. Mstari wa mwisho kaupigia kalamu mara mbili: siku Meja akishindwa kusimama, nimwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, asiteseke. Namba ipo. Kazi gani hii? Kula na kulala.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Meja kashindwa kusimama.

Siku mbili tu! Miguu ya nyuma imelegea kabisa. Nimembembeleza, nimemkemea, nimemwekea maini puani. Wapi! Nikaisoma karatasi upya, neno kwa neno. Imesema akishindwa kusimama. Haikusema lazima asimame mwenyewe. Nikapitisha taulo chini ya tumbo lake, nikavuta juu. Kasimama! Nikapiga picha kwa mkono mmoja, taulo halionekani, nikamtumia Shangazi. Akajibu mbona macho ya Meja yana huzuni. Nikamwandikia kwamba anamkumbuka yeye. Kwa maneno sijambo.

Meja aliguna nilipomshusha. Sikuipenda ile sauti. Nikafungulia redio.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, kaja kuchungulia. Eti kaleta supu ya Meja. Nimeipokea dirishani, mlango sikufungua. Akasema tangu asubuhi anasikia kilio. Nikasema ni mimi, jino. Akasema pole, lakini macho yake hayakusema pole. Supu nimeinywa mwenyewe. Meja hakuitaka.

Saa kumi na moja jioni Shangazi akapiga simu kutoka wodini. Anataka kumsikia Meja. Salale! Meja kalala kama gunia. Nikaisogeza simu mbali kidogo, nikabweka. Mara tatu, na kikohozi kidogo cha uzee mwishoni. Kisha Shangazi akasema, kwa sauti ndogo, basi, ameshasikia. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mbavu zikauma. Kipaji hiki kimekaa bure miaka yote!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kidonda ubavuni, ukubwa wa kifuniko cha soda. Ni cha kulalia upande mmoja. Nilipomgeuza akaning'ata. Meno ya maana hana, lakini ujumbe niliupata. Kajikojolea mara nne. Nimefua mashuka hadi vidole vimechubuka. Hali chakula. Vidonge anavitema. Anahema kwa mdomo wazi.

Nilishika simu nimpigie daktari. Namba niliiandika yote. Kisha nikalikumbuka kochi, na shemeji na ndoo yake. Nikaifuta. Nikamwambia Meja ajikaze, Shangazi anatoka Alhamisi, siku sita si nyingi. Aligeuza kichwa ukutani.

Jioni nimebweka tena, safari hii vizuri zaidi. Shangazi hakusifu. Aliuliza tu kama karatasi bado iko kwenye friji. Nikasema ipo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Teksi mlangoni asubuhi. Shangazi! Magongo mawili, fundi cherehani kamshika kiwiko. Aliwaomba madaktari wamruhusu kabla ya siku zake, wakakataa, akasaini akatoka. Walinikuta katikati ya kumsimamisha Meja, taulo nimelishika kwa mikono miwili, jasho linanitoka. Meja akasikia sauti ya magongo. Mkia ukatikisika. Kwangu mimi haukutikisika hata siku moja.

Fundi akampigia daktari. Shangazi akajishusha sakafuni, na nyonga yake mbichi hiyo, akakipakata kichwa cha Meja. Nikaanza kujieleza. Akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema Meja aliacha kubweka mwaka juzi, sauti ilimkauka. Alipopiga simu ile Alhamisi alitaka kusikia anavyopumua tu. Akanisikia mimi. Akajua hapo hapo. Siku mbili analia wodini, namba ya daktari kaiacha kwenye friji, hana miguu ya kumfikisha nyumbani. Halafu akasema chumba angenipa hata kama ningemwita daktari siku ileile ya kwanza. Alisema bila hasira. Bora angenitukana.

Daktari kafika saa nane. Kamkagua, kakitazama kidonda, akasema siku hizi nne mbwa huyu hakustahili. Kisha sindano. Haikuchukua muda. Nimechimba kaburi nyuma ya tangi la maji, peke yangu. Nimelia, ndiyo. Nani kasema sina moyo?

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kochini. Shemeji kaanza kupiga deki mara mbili kwa siku.

Kaka kaleta habari. Shangazi hali yake si nzuri. Nyonga imevimba kwa kule kukaa sakafuni, na homa juu. Anayemuuguza ni fundi cherehani, kimbelembele yule. Kaka akasema, huku anatazama viatu vyake, kwamba Shangazi kaagiza akizidiwa aitwe mtu yeyote, isipokuwa mimi.

Nimelitafakari sana neno hili. Jamani, ananihurumia! Kaona nilivyochoka, hataki kunibebesha mzigo mwingine. Mtu mwenye roho kama hiyo unamwachaje? Na chumba cha uani bado kitupu, nimeuliza.

Begi nimeshafunga. Kesho fundi akienda kupeleka nguo za wateja, mimi naingia. Nitamsagia chakula. Nitakuwa namgeuza upande. Simu yake nitakaa nayo mimi, asisumbuliwe. Watakaouliza hali yake nitawaambia anaendelea vizuri.