Siku Chome wa Ziro Alipoipanda Mbuzi ya Bi Mwanasha

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi akina mama mnaochagua mchele huko nyuma inueni nyuso zenu. Watulizeni watoto, mfukuzeni na yule jogoo, maana habari nitakayoitoa haikupata kutendeka tangu nchi ya Kwale ilipoumbwa hadi Krismasi ile ya mwaka wa hamsini na sita, na anayedhani ni mzaha na ajiondokee mapema, simbembelezi mtu.

Asubuhi ya sikukuu hiyo Chome wa Ziro, simba wa wakata miwa wa Ramisi, mbabe wa panga, mganga wa mifugo asiye na mfano kule kwao nyika ya Kinango, alitoka kanisani na hofu kuu. Mwalimu Kalama alikuwa amenguruma mbele ya waumini: "Msiniletee vitu! Kila mmoja wenu na ajitoe mwenyewe kwa jirani aliye na shida, leo hii, kabla jua halijatua!" Kwanza Chome alifurahi, kwa kuwa vitu hakuwa navyo. Kisha akaogopa, kwa kuwa alibatizwa juzijuzi tu, na hakujua mtu hujitoa vipi. Aanzie wapi, miguuni?

Akiwa katika fikira hizo akamkuta jirani yake, Bi Mwanasha, mjane wa Kidigo, amesimama uani akilia, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha mie! Mbuzi yangu imevunjika mguu, ikanibwaga, mkono ukateguka. Na adhuhuri hii watu wa Mwabungo wanakuja kumposa binti yangu! Mwari mwenyewe yuko ndani, hatoki hata kwa dawa, ndiyo ada yetu. Bila mbuzi nitawapa nini, wali mkavu? Ya Rabi, wataondoka na posa yao!"

Hapa ndipo historia ilipopinda. Mtoto wa pwani angelisikia "yangu" akajua mara moja kuwa inasemwa mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma; yule alaye majani ni "wangu". Lakini Chome Kiswahili chake alikiokota kambini, ambako ng'ombe ni yangu, mke ni yangu, na hata nyapara ni yetu. Wala kwao hakuna mnazi. Alisikia mbuzi, akaona kwato na ndevu.

"Futa machozi, mama!" akapaza sauti. "Mimi, Chome mwana wa Ziro, niliyeunga miguu ya mabeberu yaliyokwisha kuliliwa na wenyewe, leo najitoa kwako mzima mzima, nyama na mifupa! Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa? Iko jikoni, baba."

Akakata magango ya mti, akachuna gome la kufungia, akang'oa na majani mabichi ya kumliwaza mgonjwa, akaingia banda la jiko akiita kwa ile sauti laini ya wachungaji. Hakuitikiwa. Akachungulia nyuma ya mtungi, akachungulia uvunguni mwa uchaga.

"Ndiyo hiyo umeikanyaga," akasema Bi Mwanasha.

Kicheko kilipasuka ukutani. Alikuwa Kavumbi, mkata miwa mwenzake, ametia kichwa dirishani kama mbuzi mwenyewe. Chome aliona haya, haya za kweli, masikio yakamwaka moto. Lakini alikwisha kula kiapo, nyama na mifupa. Akaushika mguu wa kigoda, akauwekea magango, akaukaza kwa gome, na kwa mazoea akaipapasa mgongo.

"Imepona. Sasa nani atakuna?" akauliza Bi Mwanasha. Mwanamume kuketi juu ya mbuzi ni jambo ambalo hata kwa ndoto halikuwa likiotwa.

"Wee Chome!" akaita Kavumbi. "Ukikalia hiyo, kambini usirudi!"

Chome akavuta pumzi. Akaipanda! Akaibana kwa mapaja, akalishika fuu la nazi kwa mikono miwili, na vita vikaanza. Chuma kilinguruma, machicha yakaruka mpaka nyusi zikawa nyeupe, damu ya kidole ikamwagika kidogo, naye akaimba tenzi za kanisani kwa kukosea maneno. Nazi zikaanguka moja baada ya nyingine, na tui likatoka zito, jeupe, la kutisha.

Wageni wakaja, wakala, wakalamba vidole kwa utamu. Ndipo Bi Mishi, mama yake bwana harusi, akaweka tonge chini.

"Nazi hii kakuna nani? Wewe mkono umefungwa. Isije ikawa mwari katolewa jikoni!"

Bi Mwanasha akapauka. Kumtaja Chome ni kumvua heshima. Kunyamaza ni kumpoteza binti. Mara mlango ukajaa mtu mweupe kwa machicha.

"Ni mimi!" akatamka Chome. "Mwari hakutoka. Mimi, mwanamume, niliipanda, nikakuna. Nichekeni mimi, binti mwacheni!"

Bi Mishi akamtazama kuanzia utosini hadi unyayoni. Kisha akacheka mpaka leso ikamdondoka, akapiga kigelegele, na nyumba nzima ikaitikia.

"Posa imekaa!" akasema. "Na siku ya harusi mkunaji ni huyu, simtaki mwingine. Na wewe unayecheka dirishani, nakuona! Wewe utakamua tui."