Ukuta Mtupu wa Bwana Haberman

Ukuta mtupu katika nyumba ya tajiri ni mfuko uliotoboka: anayewahi kuinama ndiye anayeokota. Murray Pfister, dalali wa picha, aliuona kabla hata hajaletewa kinywaji. Ulikuwa juu ya sofa jeupe, katika jumba la Wendell Haberman, mchimba mabwawa ya kuogelea wa Los Angeles. Haberman hakuwa na shida duniani ila moja: jirani yake alikuwa na picha ya maneno, yeye hana.

"Kwani hiyo ya jirani ina nini?" Murray aliuliza, kama asiyejua.

"Imeandikwa SIO SASA. Basi! Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Na watu wanasimama mbele yake wanalia, bwana. Kwangu hajalia mtu hata siku moja."

"Hiyo ni litografia ya Inez Torvald," Murray akasema kwa sauti ya msibani. "Imechapwa kwa jiwe. Mama mwenyewe kajichimbia jangwani miaka nenda rudi, hataki kuona mtu. Naijua moja iliyobaki... Lakini hapana, bosi, usinitie majaribuni."

Hakuna kinachomtia tajiri wazimu kama kuambiwa hapana. Haberman alimshika koti asiondoke.

Kesho yake Murray alikwenda kwa rafiki yake mchapaji. Jiwe lilikuwepo, wino ulikuwepo. Kilichokosekana ni maneno. Waliumiza vichwa mpaka njaa ikawapeleka mgahawani, na pale mlangoni palikuwa na kibao: TAFADHALI SUBIRI UONYESHWE KITI. Murray akaanza kucheka peke yake. Waliyachapa vilevile, naye akatia saini ya Torvald kwa penseli pale chini, maana katika biashara ile karatasi isiyo na penseli ya msanii ni ya kufungia samaki. Aliitia bila kujali, ingawa hakimu alikwisha kumwonya: karatasi nyingine ya kughushi, miaka saba jela.

Haberman aliitundika, akaalika watu chakula cha jioni. Wasomi wazima, na digrii zao, walijipanga mbele ya kibao cha mgahawa wakiwa na bilauri mikononi.

"Ni mauti haya," mmoja alinong'ona.

"Mauti wapi! Ni ubepari," mwenzake akamsahihisha.

Lorna, mke wa Haberman, alifuta chozi. Haberman naye nusura alie kwa furaha ya kuliona chozi lenyewe. Alitoa kalamu aandike hundi ya dola elfu kumi na mbili, kisha akasita.

"Ngoja kwanza, Murray. Nimekuandalia mgeni. Nilimtuma dereva jangwani!"

Akaingia bibi kizee mwenye viatu vya vumbi, anatafuna zeituni. Alikuwa Inez Torvald. Aliitazama ile picha, akamtazama Murray, akairudia picha. Murray alitafuta mlango kwa macho, akiihesabu ile miaka saba ya jela.

"Ni yangu," bibi akasema.

Murray akashusha pumzi. Alimshukuru Mungu kwa kuwaumbia wazee usahaulifu.

"Tena ndiyo niipendayo kuliko zote," bibi akaendelea. "Niliiandika nina njaa. Huyu kijana nilimpa anitunzie tu. Ahsante, mwanangu, kwa kunitafutia mnunuzi. Bwana Haberman, hundi iandike kwa jina langu."

"Lakini..." Murray akaropoka.

"Lakini nini, mwanangu? Sema, watu wanakusikiliza."

Aseme nini? Kama si ya bibi, basi ni ya nani? Murray akapiga makofi pamoja na wengine. Mjanja kapatikana, na mimi simwonei huruma hata chembe.

Alimfuata bibi hadi kwenye gari. "Bibi, tugawane japo nusu!"

"Nusu ya nini? Hata saini yangu umeikosea. Maisha yangu yote nimewachapia hawa maneno yaliyonitoa jasho, wakanilipa mvinyo na sifa. Leo wamenilipia nisichokigusa. Acha nikafaidi." Akamtia noti ya dola moja mfukoni. "Kanywe kahawa."

Murray alikwenda kuinywa pale pale mgahawani. Alipita moja kwa moja, akajitupa kwenye meza ya kwanza.

"Wewe baba!" mhudumu akamfokea kutoka jikoni. "Hujui kusoma?"

Murray akainuka, akarudi mlangoni, akasimama kando ya kibao akisubiri.