Mkono wa Bi Saada, Kifundo cha Rehema

Jamani humu kundini, nina hasira ambazo hata chai ya karak vikombe viwili haijazishusha. Leo nimeaibika. Mbele ya timu za hoteli nyingine, mbele ya bosi, mbele ya mgeni wa heshima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na haki! (Shikeni hapo. Nilikuwa na haki. Nitalisema tena.)

Nawasimulia mwenyewe kabla Akinyi hajawaletea kisa chake kilichotiwa chumvi.

Kwa wasiojua, hoteli yetu hapa Doha ina timu ya ushangiliaji. Msifikirie vigelegele vya harusini. Huu ni ushangiliaji wa mashindano, wa kubebana, kusimamiana mabegani na kurushana juu kwa muziki. Hoteli kadhaa zina timu za wafanyakazi wao wanawake. Mwalimu wa timu yetu ni mimi, Tatu wa dobi, kwa kuwa nyumbani Tanga niliwahi kuwa kwenye kikundi cha sarakasi. (Miaka miwili. Wa pili niliuza tiketi mlangoni, lakini hilo bosi halijui.)

Sasa, kabla ya mashindano kila timu hupangiwa daraja. Daraja la kwanza ni la wanaoanza. La pili, mwenzenu anasimama kwenye mikono yenu na mnampandisha juu ya vichwa. La nne, mnamrusha, anajizungusha hewani, mnamdaka. Kanuni yenyewe haina ugumu wowote: daraja la timu ni kile mnachokiweza wote, tena na tena, bila kutetemeka. Mmoja akiwahi kuweza kitu siku moja kwa bahati yake, hiyo haihesabiki. Mkipangwa juu ya uwezo wenu, kuna mtu atavunjika shingo. Ndiyo maana yupo mpangaji wa madaraja.

Sisi ni wa daraja la pili. Nalijua hilo, Akinyi wa jikoni analijua, hata mashine zangu za kufulia zinalijua. Asiyelijua ni Bwana Wekesa.

Bwana Wekesa ni msimamizi wetu wa mambo ya wafanyakazi. Mkenya, mtu wa tai na marashi, hajawahi kubeba kitu kizito kuliko simu. Asubuhi tukiwa kwenye basi la kampuni, tunatoka kwenye makazi yetu Al Rayyan kwenda Al Wakrah kwenye ukumbi wa majaribio, akasimama pale mbele kwa dereva na kutangaza:

"Ladies, leo tunaingia level four."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Bosi, sisi ni daraja la pili."

"Tatu, wacha uoga. Ile hoteli ingine imeingia three. Unataka tuchekwe? Sisi Waafrika tuko na nguvu. Rehema atarushwa, atadakwa, kwisha. Ama namna gani, Rehema?"

Na Rehema akasema, "Sawa, bosi."

Hapo damu ikaanza kunichemka. Rehema ndiye tunayempandisha. Mdogo wa umbo, anasafisha vyumba ghorofa ya juu, na tatizo lake ni kwamba anasema sawa kwa kila mtu. Ukimwambia ruka dirishani atakuuliza lipi. Wiki iliyopita Bwana Wekesa alitulazimisha tujaribu kumrusha, akashuka kichwa mbele, tukamdaka kwa nguo. Kwa nguo, jamani! Usiku ule sikulala. Huyu binti ametoka Tanga kwa mkono wangu. Nafasi ya kazi nilimwambia mimi, na mama yake alinishika mabega pale stendi akasema, "Tatu, nakukabidhi mwanangu." Sikuchukua dhamana ile ili aje apoozwe Qatar na mtu mwenye tai.

"Harushwi," nikasema.

"Basi hiyo timu nitaipatia mtu mwingine," akasema Bwana Wekesa, akakaa chini na kufungua simu yake.

Njia yote hadi Al Wakrah nilikuwa natafuna kidole.

Ukumbini tukamkuta mpangaji, Miss Liza, Mfilipino mfupi mwenye filimbi shingoni, na magodoro ya mazoezi yametandikwa katikati. Timu nyingine zimekaa pembeni zinatazama. Bwana Wekesa hakusubiri hata salamu ziishe. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba tumekuja kuonyesha daraja la nne. Halafu akaaga, akasema anakwenda mlangoni kumpokea mgeni wa heshima.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikasogea mbele.

Jamani, nilihutubia. (Nikikumbuka sasa hivi natamani kujifinya.) Nilimwambia Miss Liza kwamba timu yangu ni ya daraja la pili na haitapanda hata kidogo. Kwamba mimi ni mtu wa sarakasi, usalama nimekua nao. Kwamba binti akiwa juu, kazi kubwa kuliko zote ni ya yule anayesimama nyuma yake, aliyemshika vifundo vya miguu, na mtu huyo kwetu ni mimi. Nikainua sauti makusudi ili hata zile timu za pembeni zisikie: "Mtu wa nyuma haachii! Hata nyumba ikiungua, haachii!"

Timu moja wakanipigia makofi. Nikavimba kichwa.

Miss Liza akasema, "Vizuri. Nionyesheni daraja la pili. Mkilifanya mara tatu bila kosa, sitawapandisha. Nitamweleza bosi wenu mwenyewe."

Mara tatu tu! Kitu tunachokifanya hata tukiwa na usingizi. Nikamwangalia Rehema, nikamkonyeza. Nikajiambia, mama yake atalala salama leo.

Tukajipanga. Akinyi mguu wa kushoto, Nakato, Mganda wa pale mapokezi, mguu wa kulia, mimi nyuma. Rehema akapanda. Mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, safi. Miss Liza anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mara ya tatu tukampandisha, amesimama juu ya vichwa vyetu amenyooka, mikono hewani, anatabasamu. Bado muda mdogo tu tumshushe.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Wekesa akaingia na mgeni wake wa heshima.

Bi Saada.

Walioko Doha wanamjua. Wasiomjua, sikilizeni. Bi Saada ni Mzanzibari, mtu mzima, anakaa Najma tangu zamani. Ukilazwa hospitali ndiye anayekuletea uji. Ukifiwa ndiye anayekaa nawe. Mimi mwenyewe nilipofika mji huu sina hata shuka, shuka la kwanza alinipa yeye. Mtu kama huyo hupiti mbele yake hivi hivi. Unampa shikamoo, unaupokea mkono wake, unauinamia, unaubusu. Na yeye ana tabia moja: akishaunyoosha, haurudishi mpaka umeupokea. Utabaki hapo hewani ukikusuta.

Sasa mwambieni Bwana Wekesa, mtu mzima mwenye akili zake, ni nani anayemwingiza mgeni hadi kwenye magodoro wakati mtu yuko juu? Nani? Mpaka sasa sijajibiwa.

Bi Saada akaja moja kwa moja, baibui linaburura, uso umejaa furaha.

"Eee, Tatu mwanangu! Siku nyingi! Hujambo?"

Na mkono ukanyooka. Pale pale ubavuni kwangu.

Naapa sikufikiri. Hakuna kilichopita kichwani. Mwili ndio uliojibu. Mama yangu alinifunza hivyo nikiwa sijaanza hata shule, na aliyechelewa kupokea mkono wa mkubwa alikula konzi. Nikaachia. Nikageuka. Nikaupokea ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama, nikasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, Bi Saada."

"Marahaba, mwa..."

Hakumaliza.

Nilisikia Akinyi kwanza. "Wee Tatu! Unasalimia watu na tumebeba mtu?" Kisha nikasikia Nakato anaita Mungu kwa Kiganda. Kisha Rehema akanishukia. Makalio yake yalitua kwenye shingo yangu iliyoinama, nami midomo yangu ikiwa bado iko kwenye mkono wa Bi Saada.

Na hapa ndipo pabaya. Mguu wa mtoto wa watu niliuachia bila kufikiri. Mkono wa Bi Saada niliung'ang'ania! Nilipokwenda chini nikaenda naye. Tukalala magodoroni sote watatu, Rehema juu yangu, mimi chini, Bi Saada ubavuni kwangu na baibui lake limenifunika uso mzima. Mkoba wake ukamwaga udi, biskuti na miwani ya kusomea.

Halafu nikasikia, chini ya lile baibui, sauti ya Bi Saada:

"Mwanangu Tatu. Sasa maamkizi gani haya?"

Ndipo watu walipocheka. Si kucheka kwa kuficha mdomo. Walicheka kwa kupiga magodoro. Ile timu iliyonipigia makofi ndiyo iliyoongoza. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Rehema hakuumia, namshukuru Mungu. Bi Saada hakuumia, alisema tu kwamba mara ya mwisho kuanguka alikuwa mwari. Mimi shingo ilikataa kugeuka upande wa kulia, lakini hakuna aliyeniuliza.

Miss Liza akaja akasimama juu yangu.

"Nyumba iliungua?" akaniuliza. Hakuwa anatania.

Bwana Wekesa naye hana haya! Badala ya kuomba radhi akaanza, "Madam, hiyo ilikuwa ajali ndogo, tunaweza bado kuonyesha level four..."

"Ameanguka kwa salamu," Miss Liza akamkata. "Kwa salamu. Ukimrusha, watu wako wakisikia mtu anapiga chafya itakuwaje? La nne hamlikaribii. Mjaribu tena la pili. Huyu akae pembeni."

Huyu ni mimi.

Wakamweka Grace nyuma. Grace, mnamjua, yule wa bwawa la kuogelea anayetafuna ubani kutwa kucha na hajui hata kupinda mgongo! Nikaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na chupa za maji, nikisubiri waharibu ili niitwe. (Ndiyo, nilisubiri waharibu. Hasira ni hasira.)

Rehema akapanda. Mara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, Miss Liza akamgeukia Bi Saada, akamwomba kwa ishara asogee tena pale pale. Na Bi Saada, ambaye kumbe anapenda michezo, akaburura baibui lake mpaka ubavuni kwa Grace na kuunyoosha ule mkono.

"Wanangu, hamjambo?"

Nikashika kiti. Grace hata hakugeuza jicho.

"Shikamoo, bibi!" akasema, ubani mdomoni. "Mikono imejaa!"

"Shikamoo, Bi Saada!" akaitikia Rehema kule juu, amenyooka, hatikisiki.

"Marahabaa!" Bi Saada akacheka, akaurudisha mkono wake mwenyewe kifuani. Bila kinyongo! Bila kusuta mtu! Miaka yote hii nauogopa mkono ule, kumbe ukiambiwa tu mikono imejaa, unarudi.

Daraja la pili likaandikwa. Grace nyuma. Na mimi, mwalimu, mtu wa sarakasi, nisimguse mtu aliye juu mpaka nifundishwe upya. Na mwanafunzi mwenzangu kwenye mafunzo hayo ni mpishi aliyeanza mazoezi juzi.

Bwana Wekesa akajaribu mara ya mwisho. "Rehema, si uko tayari kurushwa? Mwambie madam."

Na Rehema, yule yule wa sawa bosi, akasema, "Hapana, bosi. Mimi kurushwa sitaki."

Hivi! Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekataa sukari kwenye chai. Wiki nzima nimebishana na mwanamume huyu kwa niaba yake hadi sauti imekauka, kumbe lile neno alikuwa nalo! Sikujua nimkumbatie au nimpige konzi.

Tuliporudi kwenye basi akaja kukaa karibu nami. Nikadhani amekuja kunipa pole. Akaniegemea kidogo, akasema, "Dada Tatu, usinielewe vibaya. Lakini leo Grace aliponishika, ndiyo mara ya kwanza sijaogopa kule juu."

Nilitazama dirishani hadi Al Rayyan. Si kwa kununa. Shingo haikuwa na upande mwingine wa kwenda.

Jioni simu ikaita. Mama yake Rehema, kutoka Tanga. Binti ameshampigia, amemwambia kwamba kurushwa kumefutwa, hakuna hatari tena. Mama wa watu alikuwa analia kwa furaha.

"Ahsante, Tatu," akasema. "Nilijua wewe huwezi kumwachia mwanangu."

Nikasema, "Haya, mama."

Mlitaka niseme nini? Haya, chekeni. Ila atakayeweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi namfuta, na Akinyi wewe nimeshakufuta.